Neno Lililopigwa Marufuku Kabla ya Safari ya Mbugani

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie, na ukiweza unisaidie upesi, maana safari yetu ni Ijumaa ya wiki ijayo na mimi ndiye niliyeipanga, mimi ndiye niliyembembeleza mwanangu mpaka akakubali, na mimi ndiye mtu pekee katika gari lile ambaye, kwa maneno ya daktari, hapaswi kupanda. Wasomaji wako wanakuita Shangazi. Kwa umri wangu ningekuita mwanangu, lakini leo mwombaji ni mimi, kwa hiyo nami nitakuita Shangazi kama wenzangu.

Nilikuwa mhariri wa kamusi na vitabu vya shule. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa mezani na kalamu nyekundu, nikipambana na maneno yaliyojidai kuwa na maana yasiyokuwa nayo. Sikwambii hivi kwa kujisifu. Nakwambia kwa sababu kilichonifikisha hapa ni neno moja, na neno hilo nimeliharibu mwenyewe.

Naishi kwa mwanangu. Yeye ni fundi wa majokofu, mke wake anafanya kazi mapokezi katika kliniki ya macho, na wana watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka kumi, tunamwita Kasuku kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kunyamaza. Mdogo wake ana miaka saba, tunamwita Injini, na sababu yake utaijua ukikaa naye sebuleni kwa muda wa kunywa chai. Ni watoto wazuri, ila wanachoka upesi. Siyo kuchoka mwili, miili yao haichoki, wanachoka na vitu. Ukiwawekea filamu wamechoka kabla mbaya wake hajajulikana, ukiwapeleka kwa ndugu wamechoka wageni bado wanavua viatu, na wakichoka nyumba nzima inajua, maana wanalisema kwa pumzi moja ndefu inayoanzia kwenye kochi na kuishia jikoni kwa mama yao: "Nimechokaaaa."

Mwaka jana tuliwapeleka hifadhi ya taifa. Tulisimamisha gari mbele ya kundi la nyati ambalo mimi, kwa umri huu, sijaona kubwa kama hilo, na kimya kikatanda garini, nikadhani watoto wameshikwa na ajabu. Injini akanigusa bega.

"Babu, wanyama wanaanza saa ngapi?"

"Wameshaanza. Hao hapo."

"Hao wamesimama tu. Baba, peleka mbele, hii sehemu haina kitu."

Kasuku alikuwa ameshavua viatu na alikuwa anavigonganisha juu ya kichwa cha mdogo wake. Tulirudi kabla ya chakula cha mchana. Pale getini mwanangu alizima gari, akageuka nyuma, akasema kwa sauti ya chini, na yeye ya chini ndiyo mbaya, "Mimi na nyinyi mbugani, basi. Basi kabisa."

Mwaka huu nikaenda hospitali kwa sababu ya miguu kuvimba na pumzi kukata. Nilikwenda peke yangu, nyumbani nilisema nakwenda kunyoa. Daktari ni kijana mpole, alitafuta lugha ya kuniambia bila kunitisha, akasema, "Mzee, moyo wako umechoka." Nikacheka, Shangazi. Nilimsikia Injini. Yule kijana akadhani nimechanganyikiwa, akanishika mkono, akanieleza polepole kwamba tunazungumzia miezi, siyo miaka, kwamba ngazi niziache, safari ndefu niziache, na nisikae mahali ambapo hospitali iko mbali. Akanipa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Akauliza, "Wa nyumbani wanajua?"

Nikasema, "Watajua."

Kufa siogopi sana, tumeshazungumza na tumeelewana. Ninachoogopa ni kiti. Kuna kiti karibu na dirisha la sebuleni chenye mito miwili, ndipo ninaposhinda, na nimewaona wajukuu wakipita mbele yangu siku hizi kama wanavyopita mbele ya kabati. Nikasema hapana, hawa hawatanikumbuka nikiwa kitini. Watanikumbuka nimesimama, kichwa changu kimetoka juu ya paa la gari, nikiwaonyesha kitu kwa kidole. Basi nikamfuata mwanangu nyuma ya nyumba, alikuwa amefungua mgongo wa friji la mteja, nikamwambia nataka turudi mbugani.

"Baba, una utani."

"Sina."

"Na watoto hawahawa? Injini huyuhuyu?"

"Injini niachie mimi."

Akaniangalia na bisibisi mkononi. "Sawa. Lakini nikisikia 'nimechoka' hata mara moja, nageuza gari, awe simba amesimama mbele yetu au hajasimama. Usiniangushe, mzee."

Nikaingia kazini kama zamani. Nikapanga tutoke alfajiri wakati watoto wana usingizi, tusizunguke na gari muda mrefu bila kushuka kwenye vituo vya kupumzikia, na kila mtoto awe na kazi. Injini nikampa darubini na mamlaka yote juu ya ngiri, atangaze kila anayepita mkia juu. Kasuku nikamfanya redio ya safari, atusomee habari za kila mnyama tunayemwona. Kisha nikakusanya familia mezani, nikachukua kamusi ya shule niliyoihariri mwenyewe, nikafungua penye kitenzi *choka*, nikakipiga mstari mwekundu.

"Kuanzia leo mpaka turudi, neno hili halimo katika nyumba hii."

Injini akauliza, "Hata mama?"

"Hata mama."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Na adhabu? Anayelisema anasimama kwa mguu mmoja kama korongo, mpaka mwenzake ataje wanyama kumi bila kurudia. Walicheka mpaka Injini akaanguka kwenye kiti. Na ilifanya kazi! Siku za kwanza walisimama kama makorongo jikoni, bafuni, hata mbele ya fundi wa bomba, halafu neno likapotea. Mke wa mwanangu akaniambia, "Baba, ungelifuta tangu walipozaliwa."

Jumapili iliyofuata nikawachukua watoto wawili peke yangu tukafanye mazoezi ya safari kwenye bustani ya manispaa. Pale kuna ngazi za saruji zinazopanda mpaka sehemu ya kutazamia mji. Daktari alisema ngazi niziache. Nilipanda kwa sababu Injini alikuwa ameshafika juu na darubini na alikuwa ananiita, "Babu, ngiri!" na aliyekuwa chini alikuwa mtu na mbwa wake. Nilipofika juu nikashika chuma cha ukingo, na mdomo ukasema wenyewe, bila kuniuliza, "Jamani, nimechoka."

Injini akapiga kelele ya furaha. "Umesema! Babu umesema! Korongo! Korongo!"

Ningeweza kukaa chini pale pale na kumwambia mchezo umesimama. Lakini ningekaa, wangeuliza, na wangeuliza nyumbani. Nikainua mguu mmoja. Nikashika chuma. Injini akajipanga mbele yangu kama mwalimu mkuu, akaanza kutaja kwa raha zake, "Simba. Chui. Tembo. Twiga. Fisi..." Kifua changu kilikuwa kinabanwa kama mtu anakaza kamba kwa goti. "...Nyani. Kifaru. Eee... ngoja. Fisi nimeshamsema?"

"Umeshamsema," nikasema.

"Usinisaidie! Eee..."

Akaangalia juu, akaangalia viatu vyake, akajikuna. Jasho lilikuwa linanitoka usoni na miguu yote miwili, ule wa chini na ule wa juu, ilikuwa inatetemeka. Ndipo nikamwona Kasuku. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia midomo. Akasema haraka, maneno yakigongana, "Kiboko pundamilia sungura, kumi, kumi zimetimia, kaa babu, kaa!"

"Siyo zamu yako!" Injini akalia.

"Nimesema kaa!"

Nikakaa. Nikatoa kidonge mfukoni kwa mkono usionisikia, na Kasuku ndiye aliyefungua kichupa. Injini alipochoka kugomba, akarudi kwa ngiri wake, msichana akaniuliza, "Hukuwa unacheza, eh?"

Sasa naja kwenye dhambi yenyewe, Shangazi. Hapo nilikuwa na nafasi ya kumwambia twende kwa baba yako. Badala yake nikamfundisha. Nilimwambia moyo wa babu umechakaa kidogo, nikakwepa lile neno, nikamwambia kuwa hii ni siri yetu mpaka safari iishe, nikampa kichupa akitie kwenye mfuko wa darubini, nikamwonyesha kidonge kinawekwa wapi na namna ya kunikalisha nisilale chali.

"Na baba asijue?"

"Mpaka turudi."

"Tukirudi utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Na kama..." Akaishia hapo. Kasuku, ambaye hajawahi kukatiza sentensi maisha yake yote.

Tangu siku ile ametulia. Anafanya kazi zake za shule kwenye kigoda karibu na kiti changu. Rafiki zake wakija kumwita hatoki. Juzi mchana nilisinzia, nilipofumbua macho nikakuta kidole chake chini ya pua yangu, anapima kama natoa hewa. Akajifanya ananifukuzia nzi. Na jana wakati wa kula baba yake alimshika kichwa, akaniambia kwa fahari, "Baba, huyu mtoto umemtengeneza. Siku hizi anakaa sehemu moja masaa, haombi kitu, hasemi kachoka. Hii mbinu yako ungeiuza." Nikatabasamu. Nikasema asante. Kasuku akaangalia sahani yake.

Nimebaki na siku chache. Nikisema, safari imekufa, na mwanangu amechukua likizo ambayo hakuwahi kuichukua, ameazima gari la shemeji yake, juzi nimemsikia anapiga mluzi akifunga tairi la akiba. Nisiposema, tunaondoka na mtoto amebeba kichupa. Nimejaribu kumwita mwanangu mara tatu, mara zote nimeishia kumuuliza kama tairi lina upepo. Nifanyeje? Naandika hapa kwa sababu mke wa mwanangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi, tena kwa sauti, na huwa nasikia ukiwafokea watu, na nafikiri mimi nastahili kufokewa.

Ni mimi,
Babu wa kiti cha dirishani

*

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimeitoa salamu mapema kwa sababu kuna mahali huko mbele adabu itanipungukia, na nataka ujue heshima yako ipo.

Pole kwa moyo. Pole kwa siku ya hospitali uliyorudi peke yako na kichwa ambacho hakikunyolewa. Na hofu yako ya kile kiti naielewa kabisa. Hakuna anayetaka kupitwa kama kabati ndani ya nyumba ya mwanawe.

Sasa nikufokee kama ulivyoomba.

Umemhariri kila mtu katika nyumba hiyo isipokuwa wewe. Katika nyumba yenye mgonjwa ulichukua neno moja ambalo mgonjwa angelihitaji kuliko mengine yote, neno lilelile alilokuambia daktari, ukalipiga mstari mwekundu, kisha ukaweka adhabu kwa atakayelisema. Halafu siku mwili wako ulipolitamka wenyewe, maana mwili hausomi kamusi, mtoto wa miaka saba akakuadhibu kwa furaha, kwa sababu ulimfundisha hivyo. Injini hana kosa lolote pale kwenye ngazi. Atakapokuwa mkubwa na akajua siku ile babu yake alikuwa katika hali gani wakati yeye anatafuta mnyama wa nane, nani atamwambia hana kosa? Umefikiria hilo?

Na Kasuku. Mzee, Kasuku hajatulia. Kasuku ameajiriwa. Umempa zamu ya mchana na usiku, bila mapumziko, bila mtu wa kumpokea, na baba yake anamsifia kwa hiyo mbele ya chakula na wewe unasema asante. Mtoto wa miaka kumi anayepima pumzi za babu yake kwa kidole hajakomaa. Ana hofu, na hana pa kuipeleka kwa sababu mlango umeufunga wewe.

Hebu tuende huko mbugani kidogo kwa mawazo. Mko mbali na geti, gari liko kwenye vumbi, kifua kinabana. Anafungua mfuko wa darubini. Anakuwekea kidonge kama ulivyomwonyesha, na safari hii kidonge hakisaidii. Wewe utakuwa umepumzika. Yeye atakuwa na miaka arobaini na watoto wake mwenyewe, na bado atakuwa anajiuliza kama kidonge alikiweka mahali pake, kama alichelewa, kama angemwambia baba. Huo ndio urithi uliomwekea kwenye ule mfuko.

Hata mkienda na mkarudi salama, ulichokitaka hutakipata. Ulitaka wakukumbuke umesimama unawaonyesha wanyama kwa kidole. Kasuku hataona mnyama hata mmoja. Safari nzima atakuwa anaangalia midomo yako.

Jambo lingine, na hapa nakusema kwa upole zaidi. Wewe mhariri wa maisha mazima umeandika majina ya utani ya wajukuu wako, kazi ya mwanao na kazi ya mke wa mwanao, kisha ukanidokeza kwamba yeye husoma ukurasa huu kwa sauti Jumamosi. Mtu wa kalamu nyekundu hasahau vitu kama hivyo kwa bahati mbaya. Ulitaka gazeti liseme mezani, wewe ukiwa umeinamisha kichwa. Sikubali. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwanza, kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha yako. Gazetini halitatoka mpaka uniandikie kwamba umeshasema kwa mdomo wako, na mpaka umuulize Kasuku kama anapenda jina lake libaki au libadilishwe. Yeye ameulizwa machache mno katika jambo hili.

Sasa kazi. Ukimaliza kusoma, usisubiri jioni. Mwanao akiwa na bisibisi mkononi, mwombe aiweke chini. Mwambie yote, pamoja na ngazi, pamoja na kichupa. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka mwisho, na maneno yake yakitoka yamepinda, usimsahihishe. Usiulize habari za tairi.

Kisha, mbele ya baba yake na mama yake, mwite Kasuku, umwombe kichupa, ukipokee kwa mkono wako, umkabidhi mama yake. Mwambie mtoto kwamba kazi ile haikuwa yake, kwamba aliifanya vizuri hata hivyo, na kwamba hata siku moja yakikupata, hakuna alichokosea. Sema hilo la mwisho kwa maneno kamili, usilizungushe. Usimpe zawadi. Akilia mwache alie, na akirudi kuwa msumbufu kuliko zamani, furahi.

Baadaye nenda kwa yule daktari mpole pamoja na mwanao, na usimuulize kama unaruhusiwa kwenda. Muulize unaweza kufika wapi. Pengine atasema nusu siku, geti la karibu, barabara ya lami, mkwe wako ameshika dawa na mwanao anajua njia ya hospitali. Basi nendeni hivyo, nawe uangalie kupitia dirishani, paa la gari waachie watoto. Pengine atasema usiondoke nyumbani kabisa. Basi likizo ipo, gari la shemeji lipo: waende wao, wewe ubaki na mtu wa kukuangalia, na usiwape sura ya kuachwa wakati wanapakia mizigo. Ulimfanya Kasuku redio ya safari, sasa redio itakuwa na msikilizaji. Atarudi na maneno ya kukujaza wewe na mito yako miwili, na hakuna atakayepita mbele ya kiti hicho bila kusimama.

Na watoto wakichoka huko mbugani, wachoke. Mwambie mwanao asigeuze gari. Nyati kweli huwa wamesimama tu.

Lile neno lirudishe leo. Ndilo la kuanzia, huna haja ya kutafuta jingine. Kaa kwenye kiti chako cha dirishani, mwite mwanao, sema, "Mwanangu, nimechoka," kisha endelea. Injini akija mbio kudai korongo, mwambie adhabu imefutwa, na wewe ubaki umekaa.